Paneli Zinazotazama Barabara

Julai ya mwaka jana mke wa binamu yangu alijifungua mtoto wa kike katika zahanati ya kijiji chetu, huko nyanda za juu za mkoa wa Njombe, saa nane usiku, kwa mwanga wa simu. Aliyeishika simu hiyo ni shangazi yangu. Anasimulia kwamba mkono ulimtetemeka kwa baridi na kwa hofu, na kila mwanga ulipoyumba muuguzi alimwambia kwa upole, "Mama, nimulikie hapa hapa." Mtoto alizaliwa salama, na mama yake ni mzima. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini juu ya bati la zahanati hiyo kulikuwa na paneli nne za umeme wa jua, na katika stoo yake kulikuwa na betri mbili, vyote vikiwa vimekabidhiwa kwa vigelegele miezi minane tu kabla ya usiku huo.

Siku ya makabidhiano nilikuwapo. Ilikuwa Novemba ya mwaka juzi. Mgeni rasmi alikata utepe, taa zikawashwa mchana kweupe ili kila mtu azione, na ikasomwa risala iliyotaja idadi ya paneli, idadi ya betri na idadi ya taa. Tulipiga makofi. Nami nilipiga, tena nikiwa nimeketi safu ya mbele, kwa kuwa mwalimu wa chuo kikuu akirudi kijijini kwake huketishwa mbele hata kama hana analolijua kuhusu kinachozinduliwa. Makala hii naiandika kwa sababu ya makofi yale.

Nilipouliza kwa nini taa zilizowaka Novemba zilikuwa gizani Julai, nilipata majibu matatu. Mtendaji wa kijiji alisema, "Mwalimu, hiki ni kipupwe. Jua la kuchaji betri halipo." Muuza vifaa mjini alisema ziongezwe paneli mbili, na bei alikuwa nayo tayari. Ofisi moja iliyohusika na mradi, ambayo sitaitaja, ilisema wananchi wetu hawana utamaduni wa kutunza miradi.

Nayapinga majibu yote matatu. Jua la kipupwe lipo. Paneli zilizokuwapo zingetosha kwa sehemu kubwa ya msimu. Na wananchi hawakuharibu kitu. Kilichoitia giza wodi ile ni namna tunavyoandika mikataba, namna tunavyokagua kazi, na namna tunavyoyafungia maarifa katika lugha ambazo mtumiaji hazisomi. Nitaonyesha hayo kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuzihakiki, maana sipendi kulaumu kwa hasira mahali ambapo ninaweza kulaumu kwa kipimo.

Mimi si mhandisi. Ninafundisha siasa na jamii. Niliyoyajua kuhusu jambo hili nilifundishwa na fundi kijana wa kijijini, aliyeniamkia kwa adabu zote, kisha akanipandisha ngazi na kunionyesha aibu yetu. "Mwalimu," aliniambia, "paneli hizi zimetazama kusini." Nikamuuliza kwa nini ziliwekwa kusini. Akanyoosha kidole. "Kwa sababu barabara iko kusini."

Ni kweli. Paa la zahanati lina miteremko miwili. Mmoja umetazama kaskazini, kwenye mashamba. Mwingine umetazama kusini, kwenye barabara, ambako ndiko yaliposimama magari ya wageni na ndiko zilikopigwa picha za taarifa ya utekelezaji. Paneli ziliwekwa mahali zitakapoonekana. Hakuna aliyeuliza kama zenyewe zitaliona jua.

Njombe iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Jua halikai mahali pamoja mwaka mzima. Mwishoni mwa Februari hupita utosini mwetu likielekea kaskazini, na halirudi utosini hadi katikati ya Oktoba. Kwa hiyo, karibu miezi minane kati ya kumi na miwili, jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni au karibu yake hufika mbali kabisa, nyuzi 33 hivi kutoka utosini. Anayetaka kuchaji betri wakati wa kipupwe lazima aigeuzie paneli yake huko liliko jua, yaani kaskazini, na ailaze kwa pembe ya kati ya nyuzi 25 na 33 kutoka ulalo wa ardhi. Anayetaka pembe moja ya mwaka mzima achague nyuzi 10 hadi 15, zikitazama kaskazini vilevile; pungufu ya 10, mvua haioshi vumbi, maji hutuama na uchafu hujikusanya ukingoni.

Sasa tupime hasara. Tuseme paa lina mteremko wa nyuzi 20. Adhuhuri ya Juni, paneli iliyolala kwenye mteremko wa kaskazini hupokea takriban asilimia 97 ya nguvu ya miale inayoifikia moja kwa moja. Paneli hiyo hiyo, ikilazwa kwenye mteremko wa kusini, hupokea asilimia 60. Fedha iliyonunua paneli hizo ni ile ile na msumari ni ule ule, lakini zaidi ya theluthi ya umeme imepotea kwa kuchagua upande wenye barabara.

Hapo ndipo penye siri ya Novemba. Mwishoni mwa Novemba jua la adhuhuri liko nyuzi 11 kusini mwa utosi wetu. Paneli ya mteremko wa kusini hupokea asilimia 99. Ndiyo maana siku ya utepe taa ziliwaka vizuri mno, na mkaguzi yeyote mwenye kipimo mkononi angesaini bila kusita. Mradi ulipimwa katika msimu ambao haungeweza kushindwa. Na kama paneli zingewekwa kaskazini, Novemba hiyo hiyo zingepokea asilimia 86. Yaani zingepoteza kidogo wakati jua ni la kutosha, ili zipate kingi wakati kinahitajika. Upande mmoja unakopa kutoka miezi ya shibe kulipa miezi ya njaa. Upande mwingine unafanya karamu Novemba na kufunga Julai.

Wapo watakaosema baridi yenyewe ndiyo inayozidhoofisha paneli. Sivyo. Paneli huishi kwa mwanga, na joto huzipunguzia nguvu. Paneli za kawaida za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzijoto moja inayozidi 25. Paneli iliyofikia nyuzijoto 60 juu ya bati la Dar es Salaam huwa imepoteza karibu asilimia 14 kabla hata hujaiunganisha. Dada yake wa Njombe, kwenye jua jeupe na upepo baridi wa Julai, hupoteza kidogo sana. Kwa upande wa paneli, nyanda za juu zimebarikiwa.

Wala usiku wetu si mrefu kiasi hicho. Mchana wa Juni katika Njombe ni kama saa kumi na moja na nusu, pungufu kwa takriban saa moja tu kuliko ule wa Desemba. Mjini London mchana wa Desemba haufiki saa nane, na jua la adhuhuri huinuka nyuzi 15 tu kutoka kwenye upeo. Huko nako wapo watu wanaochaji betri kwa jua, kwa kuzisimamisha paneli karibu wima. Jua letu la adhuhuri katikati ya kipupwe huinuka nyuzi 57. Jua la London katikati ya kiangazi chao huinuka nyuzi 62. Kwa maneno mengine, kipupwe tunachokisingizia kinakaribiana na kiangazi cha Waingereza. Taifa linalosema halina jua mwezi Julai linajisingizia umaskini ambao halinao.

Jambo la pili alilonionyesha kijana yule ni kivuli. Nyuma ya zahanati, upande wa kaskazini, kuna safu ya misonobari. Mti wa mita 12 hutupa kivuli cha karibu mita 8 kuelekea kusini adhuhuri ya Juni, na kirefu zaidi asubuhi na jioni. Novemba kivuli cha mti huo huo huanguka upande wa pili, mbali na jengo, na hakizidi mita mbili na ushei. Aliyefunga mitambo Novemba hakukiona. Na kivuli cha tawi moja si hasara ya tawi moja. Vipande vya paneli vimeunganishwa kama wachukuzi wa maji wanaopokezana ndoo katika mstari: mmoja akizembea, mstari wote hupungua kasi. Kufunika pembe ndogo ya paneli kunaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wake wote.

La tatu ni waya na betri, na hapa naomba msomaji asichoke, kwa sababu hapa ndipo fedha za wananchi zinapofia. Kifaa kinachosimamia kuchaji, ambacho mafundi wetu hukiita kontrola, kilifungwa ukutani karibu na mlango ili taa zake za kijani zionekane. Betri zilikuwa stooni, mita 4 kutoka hapo, na kati yao palipita waya mwembamba wa milimita moja ya mraba. Mkondo wa ampea 4 na nusu ukipita kwenye waya wa namna hiyo, kwenda na kurudi, hupoteza takriban volti 0.6 njiani. Mkondo ukiwa mkubwa zaidi, hasara ni kubwa zaidi. Kontrola huona volti 14.4 upande wake na kudhani betri inashiba, ilhali kwenye betri yenyewe zimefika 13.8 tu, na kuchaji kukapunguzwa kabla ya wakati. Dawa yake ni mita chache za waya mnene na kontrola kusogezwa karibu na betri. Gharama yake haifiki bei ya utepe na soda za siku ya uzinduzi.

Baridi, ambayo haizidhuru paneli, huidhuru betri. Betri ya risasi na asidi inayokaa kwenye nyuzijoto sifuri hutoa karibu moja ya tano pungufu ya uwezo wake. Tena betri iliyopoa inahitaji volti zaidi ili ijae: ikiwa kwenye nyuzijoto 10 badala ya 25, betri ya volti 12 inataka nyongeza ya kama volti 0.3 hadi 0.4. Kontrola zenye kipima joto hurekebisha jambo hilo zenyewe. Za bei ya chini kabisa, ambazo hushinda zabuni zetu kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa za bei ya chini kabisa, hazirekebishi. Wenye betri za lithiamu wana onyo lao: zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzijoto sifuri. Kwa mtu wa Makete, jirani wa Uwanda wa Kitulo ambako umande hugeuka barafu alfajiri, maana yake ni kwamba betri ikae ndani ya nyumba, isiwekwe kwenye kibanda cha nje. Ya asidi nayo ikae ndani, lakini penye hewa ya kupita, kwa kuwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Hebu sasa yaunganishe yote. Kila siku ya Juni betri zile zilipokea pungufu ya kilichotumika usiku. Betri ya asidi isiyojazwa kwa wiki nyingi haipumziki. Huota ndani yake magamba ya salfeti ambayo hatimaye hayayeyuki tena. Ndiyo maana mafundi wanashauri isitumike kupita nusu ya uwezo wake, na ijazwe hadi mwisho mara nyingi iwezekanavyo. Betri moja ya zahanati ilikuwa imekufa kabla ya Agosti. Kijiji kilichangishwa fedha ya kununua nyingine. Watu wale wale walioambiwa hawatunzi miradi walilipa, kwa mahindi na viazi waliyouza, deni la mteremko wa paa ambao hawakuuchagua.

Je, muuza vifaa alikosea kabisa? Hapana, na haki yake nimpe. Kuna maeneo, hasa kwenye kingo za mashariki za nyanda hizi, ambako ukungu hutanda siku kadhaa mfululizo wakati wa kipupwe. Siku ya namna hiyo mwanga hutoka kila upande wa anga, paneli hutoa labda sehemu ya kumi hadi robo ya kawaida yake, na kuigeuza huku au kule hakusaidii sana. Hapo paneli zaidi na betri kubwa zaidi ndilo jibu, pamoja na kubana matumizi. Lakini ongezeko huja mwisho, baada ya upande, pembe, kivuli na waya kurekebishwa. Kuongeza paneli ya tano kwenye mteremko wa kusini ni kuchota maji kwa pakacha jipya.

Hata ununuzi wenyewe una mitego ambayo hakuna anayetuambia. Siku hizi mijini zinauzwa paneli kubwa za wati 250 zenye volti kama 30, zilizotengenezwa kwa mifumo mikubwa. Mwananchi huinunua kwa bei nzuri, huiunganisha na betri ya volti 12 kupitia kontrola ya kawaida, ile ambayo huishusha paneli hadi volti ya betri. Ampea zake ni 8 na kidogo. Zizidishe kwa volti 13 za betri, unapata wati 107 hivi. Zaidi ya nusu ya paneli aliyoinunua haifanyi kazi yoyote. Ipo kontrola ya aina nyingine, inayobadilisha volti za ziada kuwa ampea, na faida yake huwa kubwa zaidi hasa wakati wa baridi na betri ikiwa chini. Muuzaji analijua hilo, na mnunuzi halijui. Soko linalojengwa juu ya tofauti hiyo ni mtego, hata kama risiti imetolewa na kodi imelipwa.

Kwa mwenye nyumba anayesoma hapa na ambaye betri yake inalala njaa, nitasema aliyonifundisha fundi. Simika fimbo wima uwanjani. Kwa Njombe, muda mfupi baada ya saa sita na nusu mchana, kivuli chake kitakuwa kifupi kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Mwezi Juni kivuli hicho kinaelekeza kusini halisi, na kinyume chake ndiko paneli inakopaswa kutazama. Kama paa lako limekosea, tengeneza fremu ya mbao au chuma uwanjani au juu ya bati, uifunge imara kwa ajili ya upepo. Panda ngazi saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri uone kivuli kinapita wapi, ukate tawi. Futa paneli alfajiri, kabla haijapata moto, kwa maji na kitambaa laini, maana kipupwe chetu ni msimu wa vumbi lisilooshwa na mvua. Chaji simu mchana, wakati jua linaingia, wala usisubiri usiku. Na mti utakaoupanda kaskazini mwa nyumba yako leo, ujue kivuli chake kitafika wapi baada ya miaka kumi.

Haya yote yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja ya Kiswahili na kubandikwa ukutani mwa stoo. Kijitabu nilichokikuta pale kilikuwa cha Kiingereza na Kichina. Ukurasa wa maelekezo ulisema paneli itazame kusini, jambo ambalo ni sahihi kabisa kwa mtu anayeishi Ulaya au China. Kwa hiyo hata fundi ambaye angejitahidi kusoma, na akasoma vizuri, angeelekezwa gizani. Tunajivunia Kiswahili kwenye majukwaa, tunakiadhimisha kila tarehe 7 Julai, kisha katikati ya Julai hiyo hiyo muuguzi anasimama mbele ya kontrola asiyoweza kuisoma. Lugha ya taifa isiyofika kwenye ukuta wa stoo ya zahanati ni lugha ya sherehe.

Nawageukia sasa watumishi wa umma, ambao najua wengi wenu mnasoma ukurasa huu mkiwa ofisini. Mkataba wa kazi ile, kwa kadiri nilivyooneshwa, ulihesabu vitu: paneli 4, betri 2, taa 12. Vyote vilipokelewa. Hakuna kilichoibwa, na hakuna hoja ya ukaguzi itakayoibuliwa. Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko wizi. Wizi una jina na una sheria yake. Hapa kila mtu alitimiza wajibu wake kwenye karatasi, na mwanamke akajifungulia gizani. Tumeunda utaratibu ambao unaweza kushindwa bila mtu yeyote kukosea.

Dawa yake naiona wazi, na haihitaji bajeti mpya. Kwanza, mkataba uandikwe kwa kutaja matokeo katika mwezi mbaya kuliko yote: kwamba chumba cha kujifungulia kitakuwa na mwanga usiku kucha mwezi Julai, hata baada ya siku tatu za mawingu. Mkandarasi atajua mwenyewe paneli zitazame wapi. Pili, sehemu ya malipo izuiwe, na kipindi cha uangalizi kisifungwe kabla kipupwe kimoja hakijapita. Tatu, ukaguzi wa mwisho ufanywe Juni, jioni, taa zikiwa zimewaka, mbele ya mganga mfawidhi wa kituo, naye awe na haki ya kukataa kusaini. Nne, maelekezo ya Kiswahili yenye upande, pembe na volti za mahali husika yawe sehemu ya bidhaa, kama betri ilivyo sehemu ya bidhaa. Tunayo EWURA inayotoa leseni kwa mafundi umeme, tunayo TBS ya viwango, tunayo VETA ya kufundisha, na tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 tunao wakala mahususi wa nishati vijijini. Vyombo vya kuibeba kazi hii vipo. Kinachokosekana ni swali la Julai.

Kuna rafiki yangu, mtumishi mwandamizi, aliyenijibu nilipomsimulia haya: "Hayo ni mambo ya fundi, Mwalimu. Isitoshe gridi inakuja." Namheshimu, lakini nambishia. Gridi ije, nitaipokea kwa furaha. Itapokewa, hata hivyo, na mikono ile ile iliyopokea paneli. Visima vyetu tunavipima masika, maji yakiwa yamejaa, kisha Oktoba pampu zinanyonya hewa. Barabara zetu tunazikagua kiangazi, kisha masika yanazimeza. Paneli zetu tunazizindua Novemba. Nchi nzima tunaipimia katika siku yake njema, halafu tunamlaumu mwananchi kwa siku yake mbaya. Fundi hawezi kuliondoa hilo kwa bisibisi. Hiyo ni siasa, kwa maana ya msingi kabisa ya neno hilo: ni nani anayeamua kipimo, na ni nani anayelala gizani kipimo kikikosea.

Na wanafunzi wangu msidhani mmesalimika. Nanyi, kama mimi, mmefundishwa sini na kosini, mkafaulu mitihani, na hamkuwahi kuambiwa kwamba kosini ya pembe inaweza kuamua kama muuguzi ataona damu au hataiona. Wengi wenu mtakuwa maafisa mipango, maafisa ununuzi, wakaguzi wa ndani. Siku moja mtawekewa mezani hati ya makabidhiano, na kalamu. Kabla ya kusaini, ulizeni mwezi ni upi, na jua liko wapi.

Agosti ile ile, fundi kijana na wenzake wawili walizihamisha paneli nne kwenda mteremko wa kaskazini, wakakata misonobari mitatu kwa idhini ya serikali ya kijiji, wakasogeza kontrola stooni na kubadilisha waya. Kazi ilichukua siku mbili. Hakukuwa na utepe, na aliyeleta chai alikuwa shangazi yangu. Kipupwe cha mwaka huu taa ya chumba cha kujifungulia imewaka hadi asubuhi, isipokuwa usiku wa siku chache ambapo ukungu haukuondoka tangu alfajiri hadi jioni. Usiku huo waliwasha taa moja badala ya zote, na ikatosha.

Kutoka barabarani paneli hazionekani tena. Mgeni akipita kwa gari atadhani zahanati haina umeme, mpaka jua lizame.